Jino lililogongwa: usiulize neva tu, pima damu

Mtoto akianguka na bodaboda hapa Busia, huletwa kwangu kashika leso mdomoni. Jino la mbele linacheza kidogo, baridi halisikii, na mama anauliza: "Daktari, limekufa?"

Usijibu haraka. Baridi huuliza neva, na neva iliyoshtuka inaweza kunyamaza hata miezi 3 huku damu ikiendelea kupita kwenye kiini, ile nyama laini ndani ya jino. Kinacholisha kiini ni damu. Ipo mashine ya leza inayosoma mwendo wa chembe nyekundu, ila bei yake haishikiki. Mimi natumia oksimita, kama ile ya kubana kidole tuliyoizoea wakati wa Korona, lakini yenye kihisi kidogo cha waya.

1. Anza na kidole. Futa rangi ya kucha, kisha andika oksijeni na mapigo.

2. Nenda kwenye jino zima la jirani. Likaushe, ulitenge na fizi kwa kipande cha raba. Fizi imejaa damu. Mwanga ukipitia huko utasifia jino mfu.

3. Hapa ndipo penye kazi. Taa ikae upande mmoja wa jino, kipokezi upande wa pili, vitazamane katikati ya taji, sehemu ya jino iliyo juu ya fizi. Klipu ya kidole ni pana mno, kwa hiyo nilichonga kishikio kwa akriliki ya meno bandia. Zima taa ya kiti na ushushe pazia. Siku moja nilihangaika robo saa na namba zinazorukaruka, kumbe jua la dirishani.

4. Mapigo ya jino yasipolingana na ya kidole, usiandike kitu. Mashine inakisia.

5. Sasa pima lililogongwa. Usililinganishe na kidole, kwani enameli na dentini, tabaka ngumu za jino, hutawanya mwanga na jino zima husoma chini. Linganisha na jirani. Tuseme kidole 98, jirani 84, hili 82: liache.

Unajipimaje wewe mwenyewe? Weka kihisi kwenye jino lililokwisha kuzibwa mzizi, lisilo na damu ndani. Likikupa namba nzuri, unapima fizi.

6. Rudia wiki ya 2, ya 4, ya 6 hadi 8, kisha miezi 3. Hata mapigo yakikosekana, sitoboi kwa kipimo kimoja. Nangoja na ishara nyingine: kijipu kwenye fizi, au weusi kwenye ncha ya mzizi katika eksirei. Jino kugeuka kijivu, peke yake, silihesabu.