Kobe umwachie nani ukisafiri?
Mnaofuga kobe, mkivuka kwenda Pemba kula sikukuu msimwachie jirani kwa neno "nitizamie" tu. Atampa wali. Mie wangu nilimkuta kashalishwa mabaki ya pilau, akaharisha siku tatu.

Siku hizi kabla sijapanda boti namwita kijana wa jirani, alishe mwenyewe nikimuona: nyasi na majani mabichi, mchicha kidogo tu, wali na mkate hapana. Maji nayaweka kwenye kifuniko cha ndoo, yasimfike kidevuni, yabadilishwe kila asubuhi. Kivuli kisikosekane. Na amchungulie adhuhuri, maana kobe akipinduka chali juani hufa upesi. Akisusa chakula siku moja, amwache, asinipigie simu usiku.