Kamera mbili, mabega mawili: namna ya kuzibeba harusini bila kuumia

Ukumbi wa harusi Dar es Salaam haumsubiri mpiga picha. MC akitangaza shampeni, kizibo kinaruka, povu linamwagika, mama wa bwana harusi anapiga vigelegele upande wa pili wa ukumbi, na yote hayo yameshapita kabla hujafungua begi kutoa lenzi nyingine. Mama yule hatapiga tena vigelegele vile. Ndiyo maana natembea na kamera mbili: moja ina lenzi ya milimita 24-70 kwa walio karibu nami, nyingine ina ya milimita 70-200, inayovuta mbali, kwa nyuso za meza kuu. Tangu maharusi waingie mpaka watoke, lenzi haibadilishwi.

Taabu iko kwenye uzito. Chukua Canon 5D Mark III, ambayo bado naiona mikononi mwa wenzangu wengi. Bodi, yaani kamera bila lenzi, na betri yake ni gramu 950. Ukiifunga 70-200 ya f/2.8 (namba ya uwazi wa lenzi: ikiwa ndogo, mwanga mwingi unaingia) toleo la pili, yenye gramu 1,490, unakaribia kilo mbili na nusu. Bodi ya pili na 24-70 ya f/2.8, nayo toleo la pili, gramu 805, ni kilo moja na robo tatu. Umeshavuka kilo nne na flashi hujaweka. Mikanda inayokuja na kamera kwenye boksi ni ya kuning'iniza kamera moja shingoni. Ukivaa miwili inapishana kifuani, kamera zinagongana kila ukiinama, na saa ya chakula ikifika shingo imekakamaa.

Kabla ya kununua mkanda wowote, punguza mzigo. Kile kishikio cha chini cha betri ya ziada kifungue, betri ya akiba itakaa mfukoni. Kama kazi zako nyingi ni za nje na mchana, 70-200 ya f/4 yenye kituliza mtikisiko, toleo la kwanza, ni gramu 760, karibu nusu ya ile kubwa. Ukumbini usiku siishauri: f/4 inaingiza nusu tu ya mwanga wa f/2.8, na kumbi zetu zinapenda taa za zambarau zilizofifia. Hapo ni bora ubebe uzito.

Mkanda wenyewe uwe wa mabega mawili, unaopishana mgongoni na kushuka kila upande hadi nyonga. Ya dukani ipo, lakini fundi mzuri wa mabegi au viatu anakutengenezea wa ngozi ukimpa vipimo. Mwambie mambo matatu. Begani uwe na upana wa vidole vitatu, usipungue, kwa sababu mkanda mwembamba unakata nyama. Upande wa ndani ngozi ibaki na ukwaru wake, ukilainishwa utateleza kwenye shati la jasho. Na kila penye pete pashonwe kwa uzi wa nailoni kisha papigwe ribiti. Gundi peke yake joto la hapa linaiachanisha.

Sisi wanawake tuna la ziada. Mikanda inayopishana kwa mbele inabana kifua na kukufanya utembee umeinama, kwa hiyo kupishana kuwe mgongoni tu, mbele ishuke wima, na kipande kifupi chenye bizimu kiiunganishe juu ya kifua isiteleze mabegani. Ukivaa hijabu, vaa mtandio kwanza na mkanda juu yake, na pini ziweke mbali na bega. Pini iliyolaliwa na mkanda wenye kilo mbili itakuchoma mpaka ndafu ikatwe.

Urefu upime hivi: simama, mkono uning'inie, kiganja kikutane na kishikio cha kamera bila kuinamisha bega. Chuchumaa, lenzi isiguse sakafu. Panda ngazi; isigonge goti. Rekebisha tundu moja moja mpaka ikubali.

Kamera yenye lenzi fupi huning'inia kwa skrubu ya chini, lile tundu la robo inchi la kufungia stendi. Lenzi ndefu ni tofauti. Skrubu ifunge kwenye mguu wa lenzi yenyewe, kile kipande cha chini yake cha kufungia stendi, usifunge kwenye bodi, la sivyo kilo moja na nusu inavuta maungio ya lenzi na bodi usiku kucha. Kaza kwa sarafu, si kwa kidole, na uiguse tena kila MC anapobadilisha kipengele, maana kutembea kunalegeza. Halafu funga kamba fupi ya nailoni kutoka tundu la mkanda kwenye bodi hadi pete ya begani. Skrubu ikitoka, kamba inadaka.

Ya 24-70 nimeiweka kulia na ya 70-200 kushoto, na haziwahi kubadilishana. Kishikio cha kamera kiko kulia daima, kwa hiyo ya karibu naichomoa kwa mkono mmoja. Ile ndefu mkono wa kushoto unaikamata chini ya lenzi na kuipandisha, wa kulia unakutana na kishikio ikiwa tayari usoni. Fanya zoezi hili nyumbani, macho yakiwa mbele, mpaka mikono iache kupapasa. Kamera usiiachie idondoke pembeni. Isindikize kwa mkono hadi nyonga.

Unapopita katikati ya foleni ya zawadi, ile inayocheza huku imebeba mabeseni na vitenge, bana lenzi zote mbili kwenye mapaja. Lenzi iliyoko nyongani iko usawa wa vichwa vya watoto, na watoto huwa mbele. Ndoano za mkanda nazo zitazame ndani, kwenye mwili wako, na zivishe kipande cha ngozi laini. Lesi ya gauni na shela hunasa kwenye chuma kitambo kidogo tu unapomsogelea bibi harusi kumrekebishia mkia wa gauni.

Kabla ya kutoka nyumbani linganisha saa za kamera zote mbili, hadi sekunde, la sivyo utakapopanga picha keki italiwa kabla ya kukatwa.

Ukifika nyumbani, ngozi ipanguse kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kwa sababu chumvi ya jasho inaikausha na kuipasua, kisha ianike kivulini. Kagua mishono. Uzi ukianza kutoa manyoya karibu na pete, mrudishie fundi kabla ya Jumamosi.