Kabla hujaenda Gualaceo, Ecuador: haya yapange mapema

Kwanza siku. Nenda Jumapili ndo siku ya soko, watu wa vijijini wanashuka na mizigo yao, na uwahi asubuhi. Kutoka Cuenca, mji mkubwa wa jirani, unapanda basi stendi kuu, ni mwendo wa kama saa moja hivi. Mji uko juu zaidi ya mita 2,200, yani umeipita Nairobi, na ikweta iko karibu kwahiyo jua la mchana linachoma kweli halafu jioni baridi inaingia, sweta na kofia lazima. Pesa yao ni dola ya Marekani tangu 2000, ila usiende na noti za 50 au 100, chenji sokoni hupati, vunja hukohuko Cuenca. Visa na kadi ya homa ya manjano ulizia mapema. Kama huli nguruwe, jua kabisa hornado ni nguruwe mzima wa kuchoma na sokoni ndo wenyewe.

Sasa hili naomba mlishike. Utaona maghorofa makubwa mapya, ndani bibi na wajukuu tu. Mkoa huu wa Azuay uliishi kwa kusuka kofia za toquilla, zile za majani zinazoitwa kofia za Panama, soko la kofia lilipoporomoka miaka ya 1950 watu wakaanza kwenda New York, na mdororo wa uchumi wa 1999 ukaondoa wengine wengi. Wapo waliosafiri bila makaratasi, kwahiyo ukiambiwa mwanangu yuko Marekani, msalimie tu, usianze kuhoji alipitia wapi.

Na vijana wakiondoka ufundi nao unabaki kwa wazee, ndo maana ukitaka shali ya macana, ile ya asili ya huku inayofumwa kwa mkono, jifunze kwanza kuitambua. Fundi anafunga nyuzi mafungu mafungu kwa kamba za mmea wa jamii ya mkonge, anazitumbukiza kwenye rangi, nili kwa mfano, palipofungwa rangi haiingii, ndo anafuma kwa mtambo aliojifunga kiunoni. Kwahiyo igeuze: maua yaonekane pande zote mbili na kingo zake ziwe kama zimechuja kidogo. Upande wa nyuma ukiwa umepauka hiyo imechapwa kiwandani, iache. Shika na matamvua, yale mafundo yanafungwa kwa mkono moja moja, kazi ndefu mno, bei ikikushtua angalia hapo kabla hujaomba kupunguziwa. Mi ningeshukia kijiji cha Bulcay kabla ya kufika mjini, mafundi wako hapo barabarani, unanunua kwa aliyefuma mwenyewe bila dalali.