Namna ya Kusoma Neno "Varieti Ndogo" Katika Taaluma Mbalimbali

Ukikutana na neno "varieti ndogo" katika matini ya kitaalamu, usilifasiri kabla ya kujua varieti yenyewe ni ya taaluma gani, kwa sababu mtaalamu wa mimea na mwanahisabati hulitumia kwa mambo yasiyohusiana hata kidogo.

Katika botania, neno hili hutaja ngazi ya uainishaji. Chini ya spishi hufuatana nususpishi, varieti, varieti ndogo, forma na forma ndogo. Tazama jina Saxifraga aizoon var. aizoon subvar. brevifolia f. multicaulis subf. surculosa, ambamo "subvar." ndiyo alama ya varieti ndogo, "f." ya forma na "subf." ya forma ndogo. Mlolongo huo waweza kufupishwa ukawa Saxifraga aizoon subf. surculosa, kwani ngazi za kati huonyesha uainishaji tu. Kultiva, yaani aina zilizoteuliwa na binadamu kwa kilimo, zina kanuni zake, na hazifai kuitwa varieti ndogo. Kwa wanyama, kanuni za majina haziitambui ngazi yoyote iliyo chini ya nususpishi.

Katika isimu, ambamo varieti ni namna mojawapo ya lugha, neno hubaki legelege: Kiingereza cha New York chaweza kuitwa varieti ndogo ya Kiingereza cha Marekani, na mpaka huwekwa na mtafiti mwenyewe.

Hisabati ndiyo inayodai uangalifu zaidi. Katika jiometria ya aljebra, varieti ni mkusanyiko wa nukta zinazotosheleza milinganyo ya polinomia (semi kama x² − y), na varieti ndogo ni sehemu yake ambayo nayo hubainishwa na milinganyo ya aina hiyo. Parabola y = x² ni varieti ndogo ya bapa, lakini kipande chake kilicho kati ya nukta mbili sicho, kwa kuwa polinomia yoyote iliyo sifuri juu ya kipande hicho huwa sifuri juu ya parabola nzima. Mlinganyo xy = 0 huleta mistari miwili inayokatana; hapo rudi kwenye fasili ya mwandishi, maana wapo wanaodai varieti isigawanyike kuwa muungano wa varieti nyingine kama mistari hiyo. Neno "ndogo" nalo lisikuhadae, kwani kila varieti huhesabiwa kuwa varieti ndogo ya nafsi yake.

Katika aljebra ya jumla, varieti ni jamii nzima ya miundo inayotii milinganyo fulani, dhana iliyopata nadharia yake ya msingi kwa Garrett Birkhoff mwaka 1935. Grupu (miundo yenye kanuni ya kuunganisha elementi mbili kupata ya tatu, na yenye kinyume cha kila elementi) zinazotii xy = yx ni varieti ndogo ya grupu zote. Grupu zenye idadi kikomo ya elementi sizo, kwa sababu varieti lazima iwe na zidisho la miundo yake yoyote, ilhali zidisho la grupu ambazo idadi yao haina mwisho, hata kila moja ikiwa na elementi 2 tu, huzaa grupu isiyo na kikomo.