Vitabu na mafaili ya kusomea GRE: namna ya kuchagua kabla hujapoteza hela na muda

Mtu akishaamua kuomba masta au PhD na akakuta chuo kinataka GRE (mtihani wa kuombea masomo hayo, unapima lugha ya Kiingereza, hesabu na kuandika insha), kitu cha kwanza anaomba watu wamtumie vitabu, na kabla siku haijaisha simu imejaa mafaili ya PDF hata hajui aanze na lipi. Mi nakushauri usisome hata moja kwanza. Hakikisha chuo chako bado kinaudai huo mtihani, maana programu nyingi zimeshauacha, ukishapata uhakika ndo urudi kwenye mafaili uanze kuyachambua, kwa sababu mengi yanayozunguka ni ya mtihani ambao haupo tena.

Angalia mwaka. GRE ilibadilishwa sana Agosti 2011, hapo wakaondoa maswali ya kinyume cha neno na yale ya kulinganisha jozi za maneno, na alama zikatoka kwenye 200 hadi 800 zikawa 130 hadi 170. Halafu Septemba 2023 wakaufupisha, ulikuwa unakaribia saa nne sasa ni saa 1 na dakika 58, na insha imebaki moja badala ya mbili. Kwa hiyo ukikuta kitabu kinataja alama 800, upande wa lugha achana nacho kabisa. Lakini kitabu cha kati ya 2011 na 2023 usikitupe, maswali yake ya hesabu na ya ufahamu bado yanafaa kwa mazoezi kwa sababu aina za maswali zilibaki zilezile, ila mpangilio wa muda wake usiufuate.

Kwa sasa uko hivi: insha moja dakika 30, sehemu mbili za lugha (maswali 12 kwa dakika 18, kisha 15 kwa dakika 23) na sehemu mbili za hesabu (maswali 12 kwa dakika 21, kisha 15 kwa dakika 26). Ziandike hizo namba mahali, kila apu au kozi utakayoletewa ilinganishe nazo, ikiwa haziendani basi wenyewe hawajaisasisha.

Na kama wewe ni wa GMAT, ule mtihani wa kuombea shule za biashara, mambo ni hayohayo, toleo jipya lilianza Novemba 2023, lina sehemu tatu za dakika 45 kila moja, insha haipo, jometri imeondolewa na maswali ya kusahihisha sentensi pia. Wa LSAT, mtihani wa kuombea shule za sheria, nao wajue michezo ya mantiki (maswali ya kupanga watu au vitu kwa masharti) iliondolewa kuanzia Agosti 2024, sasa kuna watu bado wanalipia kozi za kuifundisha, inauma sana.

Tukirudi kwenye GRE. Kabla hujanunua chochote jipime. ETS, ambao ndio wanaotunga mtihani, wanatoa bure majaribio mawili kamili kwenye tovuti yao yanaitwa POWERPREP, unafungua akaunti tu. Fanya moja mwanzoni ukiwa hujasoma kitu, la pili usiliguse kwa sasa, litunze. Matokeo ya hilo la kwanza ndo yatakwambia ununue nini, kwa sababu mtu ambaye hesabu ziko vizuri ila ufahamu unamshinda hana haja ya lundo la vitabu vya aljebra, na bado wengi wananunua seti nzima eti kwa kuwa rafiki yake alinunua.

Kwenye lugha mi nasisitiza sana utumie maswali ya ETS wenyewe. Hesabu mtu mwingine yeyote makini anaweza kutunga zikafanana, jibu ni namba, limeisha. Ila swali la ufahamu mara nyingi lina machaguo matano, na kila chaguo baya la ETS lina sababu yake ya kuwa baya: limeongeza neno kama "daima" ambalo mwandishi hakusema, au limesema jambo la kweli ambalo halijaulizwa. Maswali ya kuiga mara nyingi yanakuwa na majibu mawili yanayobishaniwa, ukiyazoea hayo unajifunza kubahatisha, na hiyo tabia kuitoa ni kazi kweli. Vya kampuni nyingine vitumie kujifunza mada na mbinu, mazoezi ya kupima kiwango fanya ya ETS.

Sasa kitabu cha kufundishia unakijuaje kama ni kizuri? Nenda kwenye maelezo ya majibu, sio kwenye jalada. Chukua swali kama hili: Kiasi A ni x², Kiasi B ni x, na umeambiwa tu kwamba x ni kubwa kuliko sifuri, kipi kikubwa? Wengi wanakimbilia A. Weka 2 unapata 4 na 2, A ni kubwa. Weka nusu unapata robo na nusu, B ni kubwa. Kwa hiyo jibu ni D, yaani chaguo la kwamba haiwezekani kujua. Kitabu kibovu kitakuandikia "jibu ni D" kikaendelea na safari. Kizuri kitakwambia kwamba ukiona herufi isiyo na mipaka ujaribu moja, sehemu, na ukiruhusiwa sifuri na hasi pia, yaani unatoka na kitu cha kutumia kwenye swali lijalo. Soma maelezo ya maswali kama matatu hivi kabla hujalipa, yanatosha kukupa picha.

Orodha za misamiati ya maelfu ya maneno achana nazo, nyingi ni mabaki ya enzi za vinyume. Siku hizi neno unalikuta ndani ya sentensi, kwa hiyo tafuta orodha fupi yenye mifano ya matumizi. Insha usiinunulie chochote, ETS wameweka hadharani mada zote zinazoweza kutoka, na pia wana muhtasari wa hesabu wa bure ambao unagusa kila mada inayoulizwa.

Kitu kingine, vitabu pekee havitoshi, kwa sababu mtihani ni wa kompyuta na sehemu ya pili inakuwa ngumu au rahisi kutegemea ulivyofanya ya kwanza, karatasi haiwezi kukuonyesha hilo. Ndo maana lile jaribio la pili la POWERPREP ulilolitunza ulifanye kama wiki mbili kabla ya siku yenyewe, umekaa moja kwa moja bila mapumziko, na kalkuleta ile ya kwenye skrini tu, halafu hizo wiki zilizobaki usifungue kitabu kipya chochote, rudia maswali uliyokosa.