Besi ya Mannich kutoka asetofenoni, kwa maabara ya Tanga

Mmenyuko aliouelezea Mjerumani Carl Mannich mwaka 1912 huunganisha vitu vitatu kwa mpigo: ketoni (hapa asetofenoni), formaldehaidi na amini; zao lake huitwa besi ya Mannich, na hapa tunalipata kama chumvi yake. Wenyewe hausumbui. Kinachosumbua Tanga ni unyevu wa pwani, maana dimethilamini haidrokloridi, chumvi ya amini tunayotumia, hunyonya maji ya hewani, na wakati wa masika hulowa kama chumvi ya mawe.

Kwanza pima asetofenoni gramu 6.0 (moli 0.05), paraformaldehaidi gramu 2.0 na ethanoli ya 95% mililita 8. Chumvi ya amini, gramu 5.3, ipime mwisho tena haraka. Ikiwa imelowa, ikaushe kwanza. La sivyo unapima maji.

Tia vyote kwenye chupa ya duara ya mililita 100, ongeza matone 2 ya asidi kali ya haidrokloriki, funga kondensa (bomba la kupozea mvuke) wima, chemsha saa 2 juu ya maji moto. Fanya kazi ndani ya kabati la kufyonza mvuke, bila moto wa wazi. Maji ya bomba mchana huwa vuguvugu, hivyo zungusha maji ya ndoo yenye barafu (ile ya wauza samaki yatosha).

Asidi ina kazi tatu: huvunja paraformaldehaidi itoe formaldehaidi, husaidia ioni ya iminiamu (ioni chanya itokayo kwa amini na formaldehaidi) kuundwa, na huigeuza ketoni kuwa enoli, umbo lake lenye bondi maradufu ya kaboni na kundi la OH. Enoli ndiyo huishambulia iminiamu, na bondi mpya hufungwa kwenye kaboni iliyo jirani na kabonili (C=O) ya ketoni. Kwa kuwa yote haya yahitaji asidi, tunatumia chumvi ya amini, si amini huru.

Mchanganyiko ukiwa na ukungu, uchuje ungali moto. Mbali na hita, mimina asetoni mililita 40 ungali na joto, uache upoe taratibu, kisha mchanganyiko ukae usiku kucha kwenye friji. Yakituama mafuta badala ya fuwele, ama maji yameingia ama umepoza ghafla: kwangua ukuta wa chombo kwa fimbo ya kioo.

Chuja, osha kwa asetoni baridi kidogo, kausha kwa nyuzi 40–50. Usizidishe joto, wala usitie alkali na kuchemsha: dimethilamini hung'oka, ikabaki fenili vinili ketoni inayowasha macho.

Tarajia gramu 7 hivi. Zao ghafi huyeyuka nyuzi 138–141; likiyeyushwa kwa ethanoli moto na kurudishiwa asetoni polepole, hufika 155–156. Lihifadhi kwenye desiketa (chombo kisichoingiza unyevu) siku hiyohiyo.