Kabla hujalipia gunia la chakula cha mbwa, lipindue

Mteja akiingia dukani kwangu hutazama picha kwanza: mbwa mwenye manyoya ya kung'aa, paja la kuku, karoti mbili. Mimi gunia nalipindua. Habari ninayoitaka iko nyuma, kwa herufi ndogo, na nyingine iko kitakoni, pale gunia lilipokalia sakafu ya lori kutoka Mombasa.

Nauza chakula na dawa za mifugo hapa Maweni, Malindi, mwaka wa tisa huu. Wanaonunua chakula cha mbwa ni askari wa majumba ya Casuarina wanaotumwa na matajiri wao, wazee wa Gede wanaofuga mbwa wa kufukuza nyani shambani, na watu kama mimi wenye mbwa mmoja tu wa nyumbani ambaye watoto wamempa jina.

Wangu aliitwa Chui. Mwaka wa tatu wa biashara, wakati wa masika, nilinunua magunia sita kwa bei ya kutupa kutoka kwa muuzaji mmoja wa jumla. Moja lilikuwa na alama ya maji chini, duara la rangi ya chai lililokwisha kukauka. Nikaona haya kumuuzia mtu, nikalipeleka nyumbani. Chui alinusa bakuli, akaondoka. Siku ya pili vilevile. Nikasema anadeka, nikamwagia mchuzi wa dagaa juu, akala. Nilifanya hivyo siku nne. Ya tano alitapika, ikawa anakunywa maji tu, na nilipomfunua mdomo fizi zilikuwa manjano kama embe bivu. Daktari wa mifugo alisema ini limekwisha, akaniuliza amekula nini. Nikamletea konzi ya chakula chenyewe. Akaivunja punje moja kwa kucha, ndani kulikuwa na uzi wa kijivu, ukungu. Chui hakumaliza wiki. Yeye alikwisha kuniambia siku ya kwanza kwamba chakula ni kibaya, nami nikamfunika pua kwa mchuzi.

Kwa hiyo naanza na unyevu, ingawa waelekezaji wengi huanza na nyama. Hapa pwani chakula kinaweza kutoka kiwandani kizuri kikafika kwako kimeoza. Kusi ikianza kuvuma na mvua za Aprili kuingia, chumvi inaloana mezani na kiberiti hakiwaki. Punje za mbwa ni mahindi, ngano, unga wa nyama na mafuta, na zinavuta maji ya hewani vilevile. Ukungu ukishika mahindi, aina fulani zake hutoa aflatoksini, sumu ya kuvu inayoshambulia ini. Wakenya tunaijua: mwaka 2004 huko Ukambani watu 125 walikufa kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Mbwa ni mwepesi kudhurika nayo kuliko wanyama wengi, na tena yeye hula kitu kilekile asubuhi na jioni, mwezi mzima, hivyo kinachomfikia hakichanganyiki na kingine. Mwishoni mwa 2020 na mwanzoni mwa 2021 huko Marekani mbwa zaidi ya 110 waliripotiwa kufa baada ya kula chakula cha chapa ya Sportmix kilichokuwa na aflatoksini kupita kiasi. Kiwango kinachoruhusiwa kule kwenye chakula cha mbwa ni sehemu 20 katika bilioni. Hicho jicho halikioni. Sumu yenyewe haina rangi wala harufu, na kupika hakuiondoi, kwa hiyo anayesema atachemsha chakula chenye ukungu kisha ampe mbwa anajidanganya.

Basi, ukaguzi. Shika kitako cha gunia kwa mkono mzima, ukitafuta sehemu ngumu iliyoshikamana kama saruji. Tazama mshono: ukiona uzi wa pili wa rangi nyingine, limefunguliwa likashonwa tena. Tafuta tarehe ya mwisho na namba ya toleo (batch), na kama imekwanguliwa au imebandikiwa karatasi nyingine juu, rudisha hata kama muuzaji ni shemeji yako. Tundu ndogo za mviringo ni wadudu. Mdudu mwenyewe hamdhuru mbwa sana, ila alipopita yeye unyevu nao ulipita.

Ukifungua, nusa kabla mkono haujaingia. Chakula kizima kina harufu ya nafaka iliyokaangwa na nyama kwa mbali. Mafuta yaliyoharibika yananuka kama mafuta ya viazi karai yaliyorudiwa wiki nzima, au kama rangi ya kupaka mlango. Harufu ya chumba kilichofungwa muda mrefu ni ukungu. Kisha vunja punje tano kutoka juu, tano kutoka katikati, na tano kutoka chini kabisa. Watu hukagua za juu tu, na za juu ndizo zilizo kavu. Punje nzuri inakatika kwa mlio. Inayopindika haifai.

Wengi Malindi hununua kwa kilo, gunia likiwa wazi mlangoni na kijiko kimechomekwa. Sikulaumu, gunia zima ni pesa nyingi kwa mkupuo. Lakini mwambie muuzaji akuonyeshe gunia lenyewe, usome lebo na tarehe, na umuulize lilifunguliwa lini. Mimi siku hizi huandika tarehe ya kufungua kwa kalamu ya wino mzito ubavuni, na likifikisha wiki tatu siliuzi tena. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Agosti 2017 tunafunga kwa kaki, na kaki inanyonya unyevu, kwa hiyo ukifika nyumbani hamishia kwenye ndoo kavu yenye kifuniko. Usimwage chakula kipya juu ya mabaki ya kile cha zamani; mafuta yaliyoganda chini ya ndoo huharibu yote. Osha, anika juani, ndipo ujaze. Ukinunua gunia zima, kiache chakula ndani ya gunia lake, likunje mdomo, uliingize zima kwenye pipa, na pipa likae juu ya mbao mbali na ukuta.

Sasa lebo.

Viungo huandikwa kuanzia kilichokuwa kizito zaidi wakati wa kuchanganya, kabla ya kupikwa. Hapo ndipo mnunuzi anapopotea. Gunia likisema kuku mbichi ni wa kwanza, kumbuka kuku mbichi ni maji kama sehemu saba katika kumi. Akikaushwa anaweza kushuka hadi nafasi ya tatu au ya nne. Unga wa kuku umekwisha kukaushwa, kwa hiyo ukiwa wa kwanza au wa pili ni dalili nzuri zaidi, ingawa jina lake halipendezi. Hila nyingine ni kuyagawa mahindi: mahindi, kisha pumba za mahindi, kisha gluteni (protini) ya mahindi, kila moja mahali pake, ili nyama ibaki juu. Yajumlishe kichwani uone nani mkubwa.

Na jina la mbele lina sheria zake. Kwa kanuni za Marekani, chakula kikiitwa kwa jina la nyama pekee, nyama hiyo iwe angalau asilimia 95 bila kuhesabu maji yaliyoongezwa. Pakiandikwa "dinner" au "formula" baada ya nyama, inatosha 25. Likiingia neno "with", asilimia 3 tu. Na "flavour" ni ladha, nyama inaweza isiwepo kabisa mradi ladha ionekane. Ulaya "with" ni asilimia 4. Askari mmoja alinunua miezi sita chakula "with beef" akiamini anamlisha mbwa wa tajiri ng'ombe.

Neno linalonisumbua zaidi ni "nyama na mazao ya wanyama" bila kutaja mnyama. Ni ng'ombe? Ni nguruwe? Leo kiwanda kinaweza kutumia hiki, kesho kile, kulingana na bei. Hapa Malindi swali hili lina uzito wa pili. Yule anayemlisha mbwa mara nyingi ni Mwislamu, na ana haki ya kujua anachokishika kwa mkono wake. Mzee mmoja wa Gede aliniuliza kwa upole kama kuna nguruwe ndani, nikasoma lebo mara tatu nikashindwa kumjibu. Tangu hapo naagiza zinazotaja mnyama kwa jina, na lebo isiyotaja namwambia mteja kabla hajauliza. Lakini nisieleweke vibaya kuhusu matumbo. Maini, figo na mapafu ni chakula kizuri kwa mbwa. Kasoro ni kutotajwa.

Tarakimu zilizo nyuma hazilingani mpaka uondoe maji. Kopo linasema protini asilimia 8, gunia linasema 21, mteja anakimbilia gunia. Kopo lina unyevu 80, kwa hiyo kikavu ni 20 tu: 8 gawanya kwa 20, unapata asilimia 40. Gunia lina unyevu 10: 21 gawanya kwa 90 ni 23 na kidogo. Kopo lina protini nyingi zaidi kwa uzito mkavu, ila katika gramu 400 unazolipia gramu 320 ni maji. Kipimo ninachotumia ni cha AAFCO, chama cha Marekani cha wasimamizi wa chakula cha mifugo: baada ya kuondoa maji, mbwa mzima asipungukiwe protini 18 na mafuta 5.5, na mtoto wa mbwa au jike mwenye mimba protini 22.5 na mafuta 8.5. Jivu, yaani madini yanayobaki chakula kikichomwa, likipita 10 nahisi mifupa imekuwa mingi kuliko nyama.

Hata hivyo protini hiyo maabara huikisia kwa kupima nitrojeni, na nitrojeni inaweza kudanganywa. Mwaka 2007 gluteni ya ngano kutoka China ilitiwa melamini, kemikali ya plastiki, ili ionekane ina protini. Kampuni ya Menu Foods ililazimika kurudisha makopo na pakiti zaidi ya milioni 60, na mbwa na paka wengi Marekani Kaskazini wakafa kwa figo. Kwa hiyo protini kubwa kwa bei ndogo mno hainifurahishi.

Tafuta pia neno "complete", yaani chakula kinachojitosheleza. "Complementary" ni cha kuongezea tu. Mbwa akikila peke yake miezi atapungukiwa. Tazama kimekusudiwa umri gani. Kuhusu dawa za kuhifadhi, viwanda vinavyotumia vitamini E, yaani tokoferoli, vinasifiwa, na mimi nazipenda, ila kwenye joto letu mafuta yake huharibika upesi. Chenye BHA, dawa ya kuhifadhi ya kutengenezwa, hukaa zaidi. Ethoksikwini, nyingine ya aina hiyo, Ulaya waliisimamisha mwaka 2017, nami naiacha. Chakula kisicho na nafaka siwashauri watu wakifuate kwa sababu ya mtindo: mwaka 2018 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilianza kuchunguza kama vyakula hivyo vyenye njegere na dengu nyingi vinahusiana na ugonjwa wa moyo, na haijathibitisha. Mahindi mazima hayajamdhuru mbwa wa shamba.

Unga wa mbwa wa kupika, ule wa pumba, mahindi na dagaa waliosagwa, una jaribio lake. Tia vijiko viwili kwenye bilauri ya maji, koroga, subiri dakika kumi. Pumba zitaelea. Kinachotua chini kwa haraka, ukikisugua kwa vidole kikakwaruza, ni mchanga. Wanaoanika dagaa chini ufukweni hubeba mchanga bila kukusudia, na wengine hukusudia. Nimewahi kupata tabaka la unene wa ukucha, nikarudisha mzigo wote.

Bei nayo ipige kwa siku, usiipige kwa gunia. Mbwa wa kilo 20: mfuko mmoja unasema gramu 250 kwa siku, mwingine 400. Kilo 10 za kwanza ni siku 40, za pili ni siku 25. Mara nyingi ghali ndiyo rahisi.

Ukibadilisha chakula, changanya kidogokidogo kwa wiki nzima, na uwe unamtazama. Akikataa bakuli alilolizoea, amini. Usimshawishi kwa mchuzi. Kitoe chote, mpe wali na samaki asiye na miba, na kama anatapika, anakunywa maji kupita kawaida, mkojo umekolea au fizi zimegeuka manjano, mpeleke kwa daktari siku hiyohiyo pamoja na chakula chenyewe kwenye mfuko safi. Lipige picha gunia, tarehe na namba ya toleo. Bila namba hiyo muuzaji atakuambia si lake.

Na kilichoharibika usikigawe. Gunia la Chui jirani yangu aliliomba kwa bata wake, akasema bata hula chochote. Nilimwambia aflatoksini ilijulikana kwa ndege: Uingereza, 1960, bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa mashudu ya njugu yenye kuvu, na bata wa kawaida ni dhaifu kuliko hao. Tulichimba shimo pamoja nyuma ya mwembe, tukalifukia lote.